Kifua changu ni mali ya mtaa

Hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, ukiumwa malaria, watu wanakuachia malaria yako. Ukiumwa tumbo, wanakuonyesha choo kilipo na kuendelea na safari. Lakini ukiwa na pumu, kwisha kazi: kifua chako kinakuwa mali ya mtaa, na kila apitaye ana haki ya kukitolea hukumu.

Jirani wa mkono wa kushoto ameniagizia asali na tangawizi. Wa kulia anaapa kwa mawese ya moto, kijiko kimoja kabla ya kulala, na nikimwambia hayajasaidia kitu ananiuliza kwa ukali kama nililalia ubavu wa kulia. Motari aliyenitoa sokoni juzi kwa pikipiki yake anasema shangazi yake wa Kabambare alipona kabisa kwa kula konokono wa msituni, wale wakubwa, bila chumvi. Nikamwuliza shangazi yuko wapi sasa. Akasema alishafariki, lakini si kwa pumu. Na mzee mmoja alinishika bega mlangoni mwa msikiti akaniambia kwa upole: “Mwanangu, pumu haipendi mtu wa mawazo. Acha mawazo.” Nilitaka kumwuliza kama pesa ya shule ya watoto niiache pamoja na hayo mawazo, ila mkubwa hajibiwi hivyo.

Sina chuki nao. Hawa hawa ndio watakaonibeba usiku wa manane kifua kikigoma. Kosa lao ni kwamba mkono mmoja unanipa dawa na mwingine unanipa moshi.

Chukua mambo ya matanga. Mtu akifa kwetu, uwanja unajaa viti na mikeka, na magogo yanawashwa moto utakaowaka mpaka asubuhi. Mimi huingia kwa adabu, natoa pole, natafuta kiti cha mbali kabisa karibu na mgomba. Haiwezekani. Mama mmoja ataniona na kupaza sauti: “Yule ana kifua, msimwache kwenye baridi! Mleteni motoni!” Basi kijana ananyang'anya kiti changu na kukiweka pale pale penye magogo, na magogo yenyewe ni mabichi, yanatoa povu upande mmoja na moshi wa njano upande wa pili. Nikisogea kushoto, upepo unahama kushoto. Nikirudi kulia, upepo nao una adabu, unanifuata. Macho yanachuruzika, kifua kinapiga filimbi, naanza kuhema kwa mabega. Mwezi uliopita nilisikia watu wakinong'onezana nyuma yangu: “Jamani, alimpenda sana marehemu.” Marehemu alikuwa na deni langu la magunia mawili ya mpunga.

Nyumbani je? Mama mkwe wangu alipika ndani miaka yote, jiko la mawe matatu, dirisha moja dogo ambalo aliliziba kwa gunia ili kuku wasiingie. Sombe, majani ya muhogo, inaiva saa nzima na zaidi, na kuni za msimu wa mvua mnazijua. Sasa niambieni, mkwe gani wa Maniema atasimama mbele ya mama mkwe wake na kumwambia moshi wake unaua? Hata kumtazama usoni nafanya kwa mafungu. Nilimtuma mke wangu, akarudi na jibu: moshi huo huo ndio uliomkuza mke wangu na ndugu zake, na mama mwenyewe hajawahi kumwona mtu aliyeuawa na chakula. Nikanyamaza. Halafu mbuzi wake, anayelala mle mle jikoni, akaanza kukohoa. Jiko likahamia nje siku hiyo hiyo, chini ya mwembe, na fundi akaitwa kujenga kibanda kisicho na kuta. Nashukuru. Simwonei mbuzi wivu hata kidogo.

Kiangazi nacho kina visa vyake. Kuanzia mwezi wa sita kila mwenye panga anachoma: huyu shamba, yule majani ya kuwindia panya, mwingine takataka za uani na soli za viatu ndani yake. Majivu meusi yanatua juu ya shati jeupe la Ijumaa. Barabara ya kwenda Kabambare inageuka unga mwekundu, pikipiki moja ikipita mnakula vumbi mpaka saa ya chakula. Na alfajiri, baridi kidogo inapoingia, hapo ndipo pumu yenyewe huamka. Adhana inayosema kuswali ni bora kuliko kulala hunikuta nimekaa kitako ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, nikiwa nimekubaliana nayo zamani.

Kwa asiyejua kinachotokea humu ndani, na wengi mnatoa ushauri bila kujua, naomba dakika. Pumu si kifua kikuu. Haiambukizi, kwa hiyo dada yangu anaweza kuacha kunitengea kikombe chenye mpini uliovunjika. Hutembea katika ukoo: ukitazama vizuri, babu fulani alikuwa anahema vile vile na watu wakasema ni uzee. Mrija unaopeleka hewa mapafuni, pamoja na matawi yake madogo, kwa mwenye pumu huwa umevimba kidogo kwa ndani wakati wote, hata siku anayocheka na kula vizuri. Ukiuchokoza kwa moshi, vumbi, mafua, baridi, mende, vijidudu vya kwenye godoro, hata kicheko kirefu, misuli inayouzunguka inajikaza, ngozi ya ndani inavimba zaidi na makohozi mazito yanajaa. Fikirieni barabara yetu ya Kabambare mwezi wa pili: kingo zimeporomoka kuelekea katikati, tope limejaa panapobaki, na malori yamekwama. Kuingia unaweza kuingia. Kutoka ndiyo shughuli. Ndiyo maana ile filimbi husikika zaidi mtu anapotoa pumzi, na ndiyo maana kuniambia “vuta hewa, vuta hewa!” huku unanipepea na sahani hakusaidii, hewa ninayo, imenasa.

Sasa dawa. Hapa ndipo ninapogombana na watu kweli kweli.

Sisi tunaamini sindano. Mtu akitoka kituo cha afya bila kuchomwa, anajiona amedharauliwa. Akiwekewa seromu, huyo ametibiwa, ataizungumzia mwaka mzima. Kumbe dawa ya pumu iliyo bora ni ile ndogo ya kupuliza, inayokwenda moja kwa moja mahali penye ugonjwa. Mwaka 1955 kule Marekani binti wa miaka 13 mwenye pumu alimwuliza baba yake kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupuliza kama la nywele. Bahati yake, baba huyo, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker, na mwaka 1956 pampu ikaingia sokoni. Binti yangu mimi ana umri kama huo, naye aliitazama pampu yangu kwa makini akauliza: “Baba, ikiisha tunaweza kuuza kopo?”

Pampu zenyewe hasa ni za namna mbili, na mtaa mzima unajua moja. Ile ya buluu, salbutamoli, hulegeza misuli iliyojikaza. Ndani ya dakika chache unasikia mlango umefunguka. Uvimbe haiugusi. Ya pili, mara nyingi rangi ya kahawia, ni ya kutuliza uvimbe. Hiyo unaivuta kila siku, uwe mgonjwa au uwe unacheza ngoma, nayo hufanya kazi polepole, siku hata majuma. Haina sifa. Ukiivuta leo husikii kitu. Lakini ndiyo inayomfanya mtu asifike kwenye ile ya buluu, na tangu mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa wa pumu, GINA, wanasema wazi kwamba mtu mzima asitibiwe kwa ile ya buluu peke yake.

Nendeni mkaiulizie farmasi. Ya buluu wanayo, siku wanayo. Ya kahawia, muuzaji anakutazama kama umeomba divai. “Hiyo ni ya Bukavu, mzee.” Kila kitu ambacho hakipo kwetu ni cha Bukavu. Nikamwambia basi iagize. Akasema hawezi kuagiza dawa ambayo watu hawainunui. Na watu hawainunui kwa sababu haipo. Hapo nikaona tumeanza kuzunguka mwembe, nikaondoka.

Bei pia sibishani nayo, inauma. Lakini bei haielezi yote. Kifua kikifunga usiku, ndugu zangu hukusanyika kama nyuki: huyu anauza jogoo, yule anakopa faranga kwa mwenye duka, pikipiki inakodiwa, mafuta yananunuliwa, na asubuhi tumetumia pesa ambayo ingenunua pampu ya kahawia ya miezi. Ukija kwao siku ya jua, unapumua, umevaa vizuri, ukasema, “Ndugu zangu, nichangieni dawa,” wanakutazama juu mpaka chini. Dawa ya nini? Unaumwa wapi? Kaka yangu mkubwa alinijibu kwa heshima yote kwamba ukoo hauwezi kununulia afya mtu mzima. Mgonjwa kwetu ni yule aliyelala. Aliyesimama ni mvivu anayetafuta kisingizio cha kutokwenda shambani.

Halafu kuna wale wanaoiogopa pampu yenyewe. Ukiitoa mfukoni mbele za watu, mama wanawavuta watoto wao. “Ukishaianza hiyo, hutaiacha tena,” alinionya rafiki mmoja, chupa ya pombe ya lutuku mkononi, chupa ambayo aliianza zamani za Mobutu. Wengine wanaidharau: mjomba aliipuliza shingoni, akanusa, akasema manukato haya hayana kitu. Mwingine akaijaribu kwa mbu. Kwa hiyo nasema kwa mara ya mwisho: tikisa, toa pumzi yote, ibane pampu kwa midomo, bonyeza huku unavuta taratibu, kisha zuia pumzi kwa hesabu ya kumi. Kupulizia mdomo wazi kama unapooza uji ni kuulisha ulimi, na ulimi hauna pumu.

Shemeji yangu ndiye aliyenimaliza. Anachimba dhahabu huko Salamabila, na kazi yake ni kutwanga mawe mpaka yawe unga. Akija mjini anakohoa, ananyoosha mkono: “Shemeji, nivutishe kidogo.” Kama vile ni sigara! Nimemweleza kwamba vumbi la mawe ni ugonjwa mwingine, linatia makovu kwenye mapafu ya mtu, na hakuna pampu inayolitoa. Anachohitaji ni kulowesha mawe kabla ya kuyatwanga, kufunika pua na kwenda kupimwa. Akanisikiliza vizuri sana. Kisha akasema hakujua kwamba nimekuwa mchoyo.

Nina jambo moja la kuusifu mtaa wetu, nilitoe upesi kabla sijabadili nia. Mtoto wa jirani ana pumu pia, na mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Hata watu wazima wengi hawawezi. Wenye pesa hununua kopo maalumu la kuweka kati ya pampu na mdomo. Mwuguzi mmoja kijana, wa hapa hapa, alichukua chupa ya plastiki ya maji, ya nusu lita, akaiosha kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke yenyewe bila kufutwa. Akapasha waya moto, akaukunja ufuate umbo la mdomo wa pampu, akatoboa kitako cha chupa. Pampu ikaingia ikakaza, akaziba pembeni kwa gundi. Mtoto akawekwa mdomo kwenye shingo ya chupa, pampu ikabonyezwa mara moja, akapumua taratibu mara kadhaa kama anayelala. Filimbi ikapungua tukiwa tunatazama. Bibi yake alidhani ni mazingaombwe, na mimi nikajivuna nikaeleza kwamba jambo hili lilipimwa Cape Town, na daktari Heather Zar na wenzake walichapisha mwaka 1999 kwamba chupa kama hiyo, ikizibwa vizuri, iliwafaa watoto sawa na kopo la dukani. Bibi akauliza kama huyo Zar ni wa ukoo wa hapa. Chupa zimejaa mitaroni tele. Tungekuwa na pampu nyingi kama tulivyo na chupa, ningeacha hata kuandika safu hii.

Msifikiri pumu ni ugonjwa wa watu laini. Watu wa Fizi wanakumbuka mgeni aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi wa nne mwaka 1965, akajiita Tatu. Jina lake la kweli lilikuwa Ernesto Che Guevara, daktari kwa masomo, mwenye pumu tangu alipokuwa mtoto mdogo Argentina. Wazazi wake walihamia mji wa Alta Gracia kwa ajili ya hewa ya kifua chake. Kwetu alikaa mpaka mwezi wa kumi na moja, akafika hadi maeneo ya Lulimba, kwenye barabara inayotoka Fizi kuja Kabambare. Akapata malaria, akaharisha, na pumu ikamfuata milimani. Vitabu vinajadili kwa nini mapinduzi yake huku hayakufaulu: viongozi hawakuonekana, wapiganaji hawakuelewana. Mimi nina swali langu dogo. Mgeni wa heshima, anakohoa, usiku, milima ya Fizi, na baridi ile: jamani, mnadhani alikalishwa wapi? Najua kabisa alikalishwa wapi. Na yeye mwenyewe alivuta tumbaku, kwa hiyo sitamtetea kupita kiasi. Miaka miwili baadaye, Bolivia, jeshi likayakuta mapango alimoficha akiba yake, dawa za pumu zikiwemo, akabaki anapigana na jeshi nje na kifua ndani. Kama mtu aliyeitikisa dunia alishindwa kupata dawa yake kwa wakati, mimi wa Kasongo ninayeshindana na muuzaji wa farmasi nijione vipi?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa nayo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi kama yetu, ambako ya kahawia ni ya Bukavu. Kwa hiyo nikichoka kutania, nawaambia wa nyumbani mambo machache wayashike. Nikivuta ya buluu na nafuu isidumu, au nikishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, au ngozi ikizama katikati ya mbavu kila ninapovuta, msiite mwenye konokono, itieni pikipiki mafuta. Mke wangu alisikiliza yote. Kuhusu kushindwa kumaliza sentensi akasema ingekuwa mara yangu ya kwanza, na kwamba ataitambua bila shida.

Vituo vya afya hatukuanza kuviona jana. Tangu mwaka 1971 madaktari wa Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp walifanya kazi hapa Kasongo pamoja na wenzao Wazairwa, wakijenga vituo karibu na watu, na utafiti wao wa chanjo ya surua ulichapishwa London katika The Lancet mwaka 1981. Mambo yaliyojaribiwa hapa yalisaidia nchi nzima kugawanywa katika kanda za afya. Najivunia hilo, nalisema kila nikipata msikilizaji. Tatizo ni kwamba surua ina adabu: inakuja, inapigwa, inaondoka. Homa nayo ina mwisho wake. Pumu imekaa, imeweka masanduku chini, inauliza chakula cha jioni ni nini.

Juma lililopita nilikwenda kwenye kituo kimoja, jina nalihifadhi, siku njema, nikipumua kama mtu wa kawaida. Mwuguzi alifungua daftari kubwa, akafika kwenye mstari wangu, akakuta safu ya mwisho iko tupu.

“Mzee, ulipona?”

“Hapana, munganga. Natumia dawa.”

“Lakini huumwi.”

“Siumwi kwa sababu natumia dawa.”

Akatazama daftari, akanitazama, akarudi kwenye daftari. Safu ile ilikuwa na nafasi ya majibu mawili tu, amepona au amefariki, naye alikuwa mtu mwema asiyetaka kumwandikia mwenzake la pili. Akaandika amepona, kwa mwandiko mzuri sana, akapiga muhuri. Nikamshukuru, nikamwomba aniandikie na karatasi ya pampu ya kahawia, kuna motari anakwenda Bukavu keshokutwa.

Akaweka kalamu chini.

“Kwa mtu aliyepona?”